Jinsi ya kuisoma njaa yako kwa kalenda ya homoni

Mwanamke anapanda kwenye mizani, anaitazama namba, anashuka. Haniangalii usoni. "Sista, mimi sina nidhamu," ananiambia huku akitafuta viatu vyake. Wiki mbili kabla ya hapo alishuka kwenye mizani hiyo hiyo akicheka, maana alikuwa amepungua kilo 1. Leo kilo ile imerudi na nusu juu yake, na anaapa kwamba amekula vilevile, isipokuwa siku tatu nne hizi ambazo njaa ilimvamia.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka 11 kazi yangu imekuwa kukaa kando ya mizani, kupima, kuandika na kusikiliza. Miaka ya mwanzo ningemuuliza amekula nini. Siku hizi namuuliza kwanza hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Huyu alihesabu kwa vidole: alikuwa siku ya 26. Ile siku aliyokuja akicheka ilikuwa ya 12. Nikamwomba asibadilishe chochote, arudi baada ya wiki mbili, ambapo angekuwa tena siku ya 12. Alirudi. Ile kilo moja na nusu ilikuwa imeondoka, na gramu 400 zaidi.

Mwongozo huu naandika nikimfikiria yeye na wengine wengi wanaojichukia kwa jambo ambalo miili yao hulifanya kwa ratiba. Sisemi homoni ndizo zinazoamua yote. Unachokula na unavyojishughulisha bado vina uzito wake. Ila njaa ina kalenda. Asiyeijua hupima siku mbaya, huanza kupunguza chakula siku mbaya, na hukata tamaa siku mbaya zaidi.

Anza na daftari

Chukua daftari, piga mistari upate safu nne. Ya kwanza ni siku ya mzunguko: siku damu inapoanza kutoka vizuri ndiyo siku ya 1. Ya pili ni uzito. Ya tatu ni njaa, ambayo utaipa alama 1 hadi 5 jioni kabla ya kulala: 1 ni siku uliyosahau hata kula, 5 ni siku uliyomaliza kula na bado ukawa unawaza chakula. Ya nne ni saa ulizolala usiku uliopita. Safu hii ya nne watu huiruka, kisha baada ya miezi miwili wanaikuta ndiyo iliyokuwa na majibu.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Pima asubuhi, ukishakojoa, kabla ya kula wala kunywa, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani ikae sakafu ngumu, mahali pale pale. Ukiiweka juu ya zulia itakudanganya. Si lazima upime kila siku. Kama namba inakuharibia asubuhi, pima siku ya 7 na siku ya 21 tu. Kanuni moja usiivunje: linganisha siku ya 7 na siku ya 7 ya mwezi uliopita. Usilinganishe wiki hii na wiki iliyopita.

Hizi ni namba zangu za mzunguko mmoja, nilipokuwa na miaka 43. Siku ya 7, kilo 71.3. Siku ya 14, kilo 71.0. Siku ya 21, kilo 71.8. Siku ya 27, kilo 72.9. Siku ya 1 ya mzunguko uliofuata, 72.8. Siku ya 4, 71.6. Siku ya 7, 71.1. Ningetazama kutoka siku ya 14 hadi ya 27 peke yake, ningeona nimenenepa karibu kilo 2 ndani ya wiki mbili. Nikitazama siku ya 7 hadi siku ya 7, nimepungua gramu 200. Mafuta ya kilo 2 hayaji ndani ya wiki mbili na kuondoka ndani ya wiki moja. Yale yalikuwa maji, pamoja na choo kilichokawia, kwa sababu utumbo wa wanawake wengi huzubaa siku hizo. Maji haya huwa mengi zaidi karibu na siku ya kwanza ya damu. Ukiona pete inabana na titi linauma, usiyape jina la mafuta.

Miezi mitatu ya daftari inatosha kuiona sura ya mzunguko wako. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu msiba, safari au mafua huweza kuuvuruga wote.

Kinachotokea ndani

Estrojeni ndiyo homoni ya jinsia iliyochunguzwa zaidi kwa upande wa njaa. Adolf Butenandt nchini Ujerumani na Edward Doisy nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walifanikiwa kuitenga kutoka kwenye mkojo wa wajawazito mwaka 1929. Wanasayansi baadaye walikuja kuona kwamba panya jike akitolewa ovari anakula kuliko kawaida na ananenepa. Akirudishiwa estrojeni, ulaji unashuka. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo hupokea habari za njaa na shibe. Estrojeni ina vipokezi vyake humo, na hukoleza sauti ya shibe: kwa wanyama wa maabara, ishara inayotoka utumbo mdogo kusema "tosha" husikika kwa nguvu zaidi estrojeni ikiwa juu.

Sasa weka hayo kwenye mzunguko. Baada ya hedhi estrojeni inapanda polepole, inafika kilele siku moja au mbili kabla ya yai kutoka. Hapo ndipo wanawake wengi hula kidogo kuliko siku nyingine zote bila kujilazimisha. Yai likishatoka, estrojeni inashuka, kisha inapanda tena kiasi, lakini safari hii inaandamana na homoni nyingine ya ovari, projesteroni, iliyo nyingi, na projesteroni huupunguza makali ule uwezo wa estrojeni wa kutuliza njaa. Ndiyo maana nusu ya pili ya mzunguko huja na njaa. Tafiti zilizopima zimepata nyongeza zinazotofautiana sana, kutoka kalori zisizofika 100 kwa siku hadi zinazokaribia 500. Mwili nao huchoma nishati zaidi kidogo kipindi hicho, na joto lake hupanda kwa nyuzi kati ya 0.3 na 0.5 hivi. Kwa hiyo sehemu ya njaa hiyo ni haki yako kabisa. Mwili unadai ulichotumia.

Jambo moja huwapotosha wanaohesabu: yai halitoki siku ya 14 kwa kila mtu. Nusu ya pili ndiyo huwa na urefu unaokaribia kufanana, kama siku 14 kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 34, yai lake hutoka karibu na siku ya 20. Kwake siku ya 21 ndiyo kwanza njaa inaanza kujongea, wakati mwenye siku 26 tayari yuko katikati yake. Tumia hesabu hii kusoma njaa tu. Usiitegemee kuzuia mimba.

Wiki ya siku ya 21 hadi ya 28

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoanguka.

Usiku mmoja, siku ya 25, nilijikuta nimesimama jikoni saa nne, taa nimezima, nakula kwa mkono kutoka kwenye sufuria. Nilikuwa nimeruka chakula cha mchana nikijiona shujaa. Nilipowasha taa niliona sufuria imebaki tupu na mimi bado nina njaa. Nikalia. Mimi, niliyewafundisha watu siku hiyo hiyo. Kesho yake nililifungua daftari na nikaona kwamba mwezi uliotangulia, siku ya 24, niliandika alama 5, na mwezi wa kabla yake, siku ya 25, alama 5. Hapakuwa na siri yoyote. Ilikuwa miadi niliyoisahau.

Tangu hapo nimeacha kabisa kupunguza chakula siku hizo, na nawaambia wanaokuja kwangu vivyo hivyo. Wiki hiyo lengo ni uzito usimame. Kula mara tatu zilizoshiba, na ongeza chakula kimoja kidogo saa kumi jioni, chenye protini: yai, maziwa, kunde, samaki, chochote cha aina hiyo unachokula siku zote. Protini hushibisha kuliko wanga wa kalori sawa, na hicho cha saa kumi kinakufikisha usiku ukiwa mtulivu. Ukiruka chakula cha asubuhi siku ya 10, huenda usisikie kitu. Ukikiruka siku ya 25, utakilipa usiku mara mbili.

Tamu nayo usiikimbie kama jini. Ichague mwenyewe, ipakue kwenye sahani, kaa chini, ile mchana baada ya chakula. Nimeona watu waliopiga marufuku kila kitamu siku hizo wakala pakiti nzima wakiwa wamesimama, na waliojiruhusu kipande wakaridhika.

Siku ya kuanza kupunguza, kama unataka kupunguza, ni siku ya 4 au 5, damu ikiwa inaelekea kukata. Una takriban siku 10 ambazo estrojeni inapanda na kukusaidia. Zitumie. Mpango mzima wa mwezi ni huo: siku 10 hivi za kujibana kwa wastani, siku chache za kawaida, kisha wiki ya kujilinda. Ni mwendo wa kobe, lakini wanawake waliodumu nao mwaka mzima mbele yangu ni wengi kuliko waliodumu na zile programu za kukausha mwili kwa siku 30.

Kama unatumia uzazi wa mpango

Ukimeza vidonge vyenye homoni mbili, ile damu ya mwisho wa pakiti si hedhi ya mzunguko wako. Yai halijatoka, na kalenda niliyoieleza haikuhusu. Weka daftari kwa tarehe za mwezi tu. Kuhusu uzito, tafiti zilizolinganisha vidonge hivi na vidonge visivyo na dawa ndani yake hazijaonyesha ongezeko kubwa, ingawa nawajua wanawake wanaovimba kwa maji miezi ya mwanzo.

Sindano ya miezi 3 ni habari nyingine. Ina projestini peke yake, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, na kwa wastani watumiaji huongezeka kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Wastani huo unaficha mengi: wapo wasioongezeka hata kidogo, na wapo wanaoongezeka sana. Dalili ya kuangalia ni miezi 6 ya kwanza. Aliyeongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika muda huo, yaani zaidi ya kilo 3 kwa mwenye 60, mara nyingi huendelea kupanda. Andika uzito siku ya kuchomwa sindano ya kwanza, pima tena kila unaporudi. Ukivuka kiwango hicho, sema, omba mjadala wa njia nyingine. Kitanzi cha shaba, kwa mfano, hakina homoni. Usiache kimyakimya bila kitu mbadala. Nimemshika mkono dada mmoja aliyeacha sindano kwa hasira ya uzito, akapata mimba ambayo hakuitaka, na katika kituo alichokwenda mwanzo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba angeweza kubadilishiwa njia.

Hedhi ikianza kuruka

Sasa nina miaka 49. Mwaka jana daftari langu lilianza kunikatalia: mzunguko wa siku 24, halafu 41, halafu 19. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na tunasema imekoma miezi 12 ikipita bila damu. Miaka inayotangulia ndiyo migumu. Uchunguzi wa muda mrefu wa wanawake wa Marekani ujulikanao kama SWAN uliona kwamba kipindi hicho cha mpito kikianza, kasi ya kuongezeka mafuta huwa mara mbili ya ilivyokuwa, na misuli inaanza kupungua, mpaka kama miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho. Mizani inaweza isionyeshe mengi, kwa sababu misuli inayoondoka inaficha mafuta yanayoingia. Na mafuta yenyewe yanahama: yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani sasa yanakwenda tumboni, kuzunguka viungo vya ndani, ambako ndiko yanakoleta kisukari na magonjwa ya moyo.

Kwa hiyo hapa mizani iache ipumzike, chukua futi ya fundi cherehani. Simama wima, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya hapo. Toa pumzi kwa kawaida, usibane tumbo, soma. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba hatari huanza kupanda kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, na cha mwanamume kikizidi 94. Pima mara moja kwa mwezi, tarehe moja. Mimi nina 86. Mwezi wa Januari nilikuwa na 89.

Kilichonishusha hizo 3 ni misuli. Nilianza na kiti: kukaa na kusimama bila kushika, mara 10, nipumzike, mara 10 tena, nipumzike, mara 10 ya mwisho. Kisha kusukuma ukuta kwa mikono. Baada ya wiki sita kiti kilikuwa rahisi, nikakumbatia begi lenye vitabu. Mara mbili hadi tatu kwa wiki, dakika 20. Kutembea ni kuzuri na sijaacha, lakini kutembea peke yake hakuirudishi misuli ambayo estrojeni inaiacha ikipungua. Protini nayo niliipandisha hadi gramu 1 au 1.2 kwa kila kilo ya uzito, nikaigawa kwenye milo mitatu badala ya kuirundika usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiige hili kabla ya kuongea na daktari wake.

Halafu usingizi. Joto linalopanda usiku hukuamsha mara tatu nne, na mtu asiyelala huamka na njaa: homoni ya njaa inayotoka tumboni, ghrelini, inapanda, na leptini inayotoka kwenye mafuta ikisema akiba ipo, inashuka. Nimewaona wanaohangaika na vyakula mwaka mzima wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa jasho la usiku. Jasho likikushinda, nenda kaulize kuhusu tiba ya homoni. Wengi huikataa wakiogopa kunenepa, na hofu hiyo haina msingi: majaribio hayajaonyesha kwamba inanenepesha. Ina masharti yake mengine, hasa kwa aliyewahi kuugua saratani ya titi au kuganda damu, na hayo daktari atayapima nawe.

Wanaume, nanyi mna kalenda

Yenu ni ndefu zaidi. Testosteroni hupungua taratibu, kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya thelathini na kuendelea, na ndani ya siku moja huwa juu asubuhi. Hujenga misuli, na misuli hula nishati hata ukiwa umelala. Wanaume wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kuizima homoni hii hutuonyesha wazi kazi yake: ndani ya mwaka mmoja mafuta mwilini huongezeka kwa karibu asilimia 10, na misuli inapungua.

Linaloshangaza wengi ni kwamba mwanamume naye anaihitaji estrojeni. Kimeng'enya kiitwacho aromatesi huigeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo walizima homoni za wanaume wenye afya, wakawarudishia testosteroni kwa viwango tofauti, na kundi la pili wakalizuia lisiigeuze kuwa estrojeni. Upungufu wa testosteroni ndio uliopunguza misuli na nguvu. Mafuta yaliongezeka kwa sababu ya upungufu wa estrojeni.

Sasa mduara. Mafuta yenyewe yana aromatesi nyingi, na kitambi kinapokua ubongo hupunguza amri ya kutengeneza testosteroni. Testosteroni ikishuka, misuli inapungua, kitambi kinakua zaidi. Kaka yangu mkubwa aliingia humo akiwa na miaka 52. Alikuwa mchovu, hamu ya tendo imekwisha, kiuno sentimita 112. Rafiki yake akampa jina la mtu anayeuza sindano za testosteroni bila cheti cha daktari. Nilimsihi kwa adabu zote, maana ni mkubwa wangu: "Kaka, kabla hujachomwa, nipe miezi sita." Sindano hizo huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, ubongo unazima korodani, mbegu za uzazi zinakauka na korodani zinasinyaa. Damu pia inaweza kuwa nzito kupita kiasi. Kuna wanaozihitaji kweli, lakini baada ya vipimo, chini ya daktari.

Alikubali. Tulianza na usingizi, kwa sababu shemeji alikuwa amesema anakoroma mpaka pumzi inakatika. Jaribio dogo la Chicago lililochapishwa 2011 liliwalaza vijana saa 5 kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Fikiria mzee anayekoroma miaka kumi. Alipimwa, akakutwa kweli pumzi inakatika usiku, akatibiwa. Kisha akaanza kutembea na kunyanyua vitu vizito. Kiuno kilipofika 101, kipimo cha damu kilirudi kawaida bila sindano hata moja. Kwa mwanamume mnene, kupungua asilimia 10 ya uzito mara nyingi hupandisha testosteroni bila dawa.

Ukienda kupima, damu itolewe asubuhi, kabla ya saa nne, ukiwa hujala, na jibu likiwa chini lirudiwe siku nyingine. Kipimo kimoja cha mchana hakisemi kitu.

Lini uache daftari uende hospitali

Kama hedhi inakosekana kwa miezi kadhaa, nywele zinaota kidevuni, chunusi hazikomi na tumbo linakua, omba kuchunguzwa kwa ugonjwa wa ovari unaojulikana kwa herufi PCOS. Takriban mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anao, na wengi hawajui. Humo insulini, homoni inayosimamia sukari, ikizidi huisukuma ovari itoe homoni za kiume kupita kiasi, na njaa yake haifuati kalenda niliyoieleza. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kurudisha hedhi, lakini mgonjwa asiachwe peke yake na ushauri wa "punguza chakula". Apimwe sukari, aongelee dawa. Tezi ya shingo nayo ipimwe, kwa sababu ikilegea huleta uzito, uchovu na hedhi nzito, na watu huibebesha lawama ovari. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 ya ukimya, usisubiri hata wiki.

Mwisho ni wale ambao daftari lao linanitia hofu kuliko yote, kwa sababu linaonekana zuri: uzito unashuka kila wiki, njaa alama 1, mazoezi kila siku. Msichana wa miaka 19 aliniletea la namna hiyo. Safu ya kwanza, ile ya siku ya mzunguko, ilikuwa imefika siku ya 118. Mafuta yakipungua mno, leptini inashuka. Ubongo unasoma kwamba hakuna akiba ya kulea mimba, unazima amri ya ovari, estrojeni inakauka, mifupa inaanza kudhoofika akiwa bado kijana. Yeye alifurahi kwamba hedhi haimsumbui tena. Nilimwambia hedhi ikikosekana miezi 3 kwa mtu ambaye hana mimba, ni ishara ya hospitali, tena mapema. Tulipiga mstari chini ya siku ile ya 118, tukaandika safu mpya: alichokula asubuhi. Siku ya kwanza aliandika "chai". Ilichukua wiki tano mpaka chini ya chai pakawa na kitu cha kutafuna, na miezi minne mpaka akanipigia simu kuniambia leo ni siku ya 1.